Siku Mheshimiwa Alipotuletea Ofisi Mlangoni

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Hujambo? Kile kifua kimepoa? Sisi, kwa rehema za Mungu, tu wazima. Nilikwambia kwamba mwanao, binti yangu mkubwa, alitakiwa kupeleka barua ya utambulisho huko kwenu chuo cha uuguzi kufikia Ijumaa, la sivyo nafasi apewe mwingine. Ulibaki muhuri wa wilaya tu. Basi Alhamisi mheshimiwa wa wilaya akaja kutufungulia ofisi ya mtaa. Hotuba yake nimekunakilia, ucheke kidogo.

“Waheshimiwa wajumbe, waheshimiwa wasaidizi wa wajumbe, viongozi wa dini, wazee wetu, akina mama jeshi kubwa, wapiga picha, na wewe uliyekalia ndoo pale nyuma, itifaki imezingatiwa! (Makofi.) Nimesimama mbele yenu, mimi ambaye tangu utotoni niligawa madaraka hata katika mpira wa matambara, nikiwa nahodha, refa na golikipa kwa wakati mmoja, kuwatangazia kwamba ule mchakato shirikishi, jumuishi na wenye uwajibikaji wa kuteremsha madaraka kutoka juu kuja chini, ambao sisi wadau tuliujadili katika semina kumi na nne, kumi na tatu kati ya hizo zikiwa za kuandaa ile ya kumi na nne, umefikia asilimia mia moja na tatu! (Vigelegele. Mzee mmoja: “Hizo tatu zimetoka wapi?” Kicheko.) Hizo tatu, mzee wangu, ni za akiba. Kuanzia leo hakuna tena foleni makao makuu. Ofisi ni hii, meza ni hii, kiti ndicho hiki, na kila jambo mtaamua wenyewe, mradi mniulize kwanza. (Makofi ya wasaidizi wake tu.)

“(Hapo nikasimama mimi dada yako, barua mkononi: “Baba, naomba unigongee muhuri, mwanangu aende chuo.”) Mmesikia? Huo ndio uwajibikaji! Mama ameomba, nami namjibu papo hapo: muhuri upo. (Vigelegele.) Upo makao makuu, kwenye droo yangu, kwa sababu za kiusalama. (Miguno. Sauti: “Kumbe mmeteremsha meza tu!”) Muhuri ni awamu ya pili, itakayoanza pindi tathmini ya awamu ya kwanza itakapokamilika. Madaraka kwa nani? (“Wananchi!”) Ofisi karibu na nani? (“Wananchi!”) Kwa kumalizia, naishukuru kamati, na kwa namna ya pekee namshukuru fundi cherehani wenu, aliyetuazima chumba hiki, meza hii na kiti hiki hadi saa sita. Tutoke taratibu, ana nguo za harusi za kumalizia. Na kibao chetu kibanduliwe vizuri, kesho tunafungua ofisi mtaa wa pili. Asanteni sana!”

Mdogo wangu, watu walicheka hadi machozi. Mimi ndiye sikucheka, maana Ijumaa ilikuwa kesho yake. Nikamfuata garini. “Baba, sasa unarudi ofisini kwako?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi twende wote.”

Kabla hajajibu nilishaketi, na wenzangu sita wenye barua zao wakaingia nyuma yangu. Mheshimiwa alibanwa kati yangu na mmoja wao, fundi baiskeli, kofia mapajani. Mungu ambariki, hakututeremsha. Tulipofika makao makuu alitugongea mihuri mmoja mmoja kwa mkono wake, akisema huu ndio ushirikishwaji.

Barua ilifika chuoni kwa wakati, na mtoto amepokelewa. Masomo yanaanza mwezi ujao, ila hana pa kulala huko. Tafadhali nijibu mapema kama atakaa kwako.

Dada yako.