Tone la Maziwa kwenye Uzi wa Kioo

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe kasema tena. Eti maziwa yangu maji matupu, Jumamosi mwanangu Kibonge aachishwe, aanze uji wake. Ana miezi minne! Mume wangu katazama dari. Mimi nina mpango.

Maabara ninakopiga deki wana uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Mwanga unapita ndani yake. Vitu vidogo visivyoonekana vikinasa kwenye ncha, mwanga unageuka rangi, na mstari kwenye kompyuta unapanda. Wanaurekebisha kama redio, unase wanachokitaka. Wiki hii protini. Maziwa yana protini, bango la kliniki limesema. Nimeutazama mpaka nikasahau ndoo. Kama alfajiri imelala ndani ya unywele.

Jumatano, 6 Machi
Wataalamu wamekwenda kula. Nimekamua tone. Ila mimi si mchafu: nikaifuta kwanza ile ncha kwa kitambaa na sabuni, ikang'aa. Nikaichovya. Nikangoja. Mstari umelala tu.

Basi ni kweli. Maji matupu.

Nimemnyonyesha nikitazama mbali. Kanishika kidole kwa nguvu, maskini, na maji yangu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemwambia mama mkwe alisema kweli. Kafurahi hadi kaniita mwanangu. Kasaga unga.

Ijumaa, 8 Machi
Miwani, mkubwa wa maabara, kawaka. Nani kaufuta uzi? Kumbe ncha hupakwa utando, na utando ndio unaonasa protini. Bila huo, kasema, hata uuchovye kwenye yai hauoni kitu.

Fagio likanidondoka. “Hata maziwa ya mama?”

“Hata ya ng'ombe mia.” Akanitazama. “Ni wewe?”

Nikasema ni mimi, nacheka huku machozi yananitoka. Kanitoa maabara, nideki korido tu. Nimeshukuru kama nimepandishwa cheo.

Jumamosi, 9 Machi
Mama mkwe kaja na bakuli la uji na kijiko. Nimemwambia hapana, mtoto ananyonya. Kauliza nani kasema. Nikasema sayansi. Kanuna. Mume katazama dari, lakini kanisogezea mto wa kuegemea. Kibonge kanyonya hadi kasinzia, shavu limemwagika mkononi mwangu.

Korido yangu inapita mlangoni pa maabara. Saa ya chakula hawafungi. Vijiko viwili vya ule uji nimeshavitia kwenye chupa ya dawa. Jumatatu tutajua nani mwenye maji. Na safari hii sabuni sitii. Nitaufuta kwa kitambaa kikavu.