Maua ya Maboga kwenye Sherehe ya Wifi

Jumatatu, tarehe 8
Salamu kwanza, ijapokuwa msomaji ni mimi mwenyewe. Sijui kuandika bila salamu. Baba Watoto hajambo, anakoroma. Mama mkwe hajambo, isipokuwa masikio, nayo husikia akitaka. Kitinda mimba hajambo, kavunja kikombe. Maboga ya Baba Watoto nyuma ya nyumba hayajambo kuliko sisi sote. Kifungua mimba wangu yuko mbali, hotelini, anatandika vitanda vya watu. Sijui kama hajambo. Misimu miwili ya joto sijamwona!

Sasa habari. Jumamosi wifi yangu ana sherehe ya nyumba mpya, na kifungua mimba kamwambia atajitahidi kuja. Kamwambia shangazi! Mimi mama nimeletewa kama umbea. Haidhuru. Nimejitolea kupamba meza zote. Mwanangu ataingia, atauliza nani kapamba hivi, ataambiwa mama yako. Hapo ataondokaje? Atakaa wiki nzima.

Jumatano, tarehe 10
Nimeuliza bei ya maua dukani. Nimetoka kama mtu aliyeingia kuulizia njia. Basi, nimeokota makopo ya maziwa, nikaomba vitambaa kwa jirani yangu fundi cherehani niyavishe. Akaniuliza kwa nini nisiazime maua yake ya plastiki, hayanywi maji wala hayanuni. Nikamwambia mwanangu si wa plastiki. Akacheka hadi akajichoma sindano. Sikumpa pole. Baadaye nilimpa.

Ijumaa, tarehe 12
Nimeamka mapema nikayaona. Maua ya maboga! Ya manjano, makubwa kama visahani, tena bure! Miaka yote nayapita na ndoo. Baba Watoto kanionya nisiyaguse, mwaka huu anataka boga la kumnyamazisha kaka yake. Nikamwambia sawa. Sawa si kiapo.

Nimemtandikia mwanangu kitanda. Nimekitandua, nimekitandika tena. Yeye ni fundi wa vitanda, ataona mikunjo.

Jumamosi, tarehe 13
Asubuhi nimechuma yote. Nilipoyapanga mezani kwa wifi, alinyamaza, na wifi kunyamaza ni sherehe tosha. Kisha akasema kumbe nina mikono. Nililia kidogo jikoni.

Saa kumi jioni wageni wakaingia. Maua yamefumba! Yote! Yamebana kama midomo ya watoto waliokataa dawa. Nikayanyunyizia maji. Nikayabembeleza. Nikayafungua kwa vidole, yakachanika. Mama mkwe, ambaye macho yake ni mazima, akauliza kwa sauti kuu kama mboga hii italiwa mbichi. Baba Watoto akalitambua boga lake la kesho ndani ya kopo. Alisimama nalo kama mfiwa. Fundi cherehani akatokea na kikapu cha maua yake ya plastiki, eti alikuwa anapita tu. Anapita na kikapu!

Yote hayo ningeyameza. Macho yangu yalikuwa mlangoni. Kila gari lililopunguza mwendo, nilisimama. Mwishowe wifi akanijia polepole, akasema kifungua mimba kapiga simu, hoteli imejaa, wamemnyima ruhusa. Akanishika mkono. Hakutaja maua. Heri angeyataja.

Jumapili, tarehe 14
Baba Watoto hasemi nami, anasema na maboga, anayaambia kila mtu anajua maua yao hufumba mchana. Mchana nimejilaza kwenye kitanda cha mwanangu, pembeni kabisa, nisikivuruge.

Jumanne, tarehe 16
Nimepata! Asubuhi, kwenye ua wa fundi cherehani, maua ya zambarau yamechanua kama tarumbeta, ukuta mzima! Mchana nilipopita sikuyaona vizuri, nadhani ni jua machoni. Fundi kaniruhusu niyachume, alicheka kwanza. Makopo ninayo. Ilikosekana sherehe tu, nayo nimeipata: Baba Watoto hajui alizaliwa lini. Nimemuuliza mama yake, anakumbuka tu kwamba mvua ilinyesha.

Nimemwandikia kifungua mimba kwenye simu: Mwanangu, huku sote hatujambo. Tunamfanyia baba yako sherehe ya kuzaliwa, mapambo ni yangu. Waulize wakubwa wako watakuruhusu lini. Jibu upesi, hata leo, ili baba yako azaliwe siku hiyo.