Mhakiki Amesema SAHIHI

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa idara kaniita, kasema wakaguzi wa chuo wanakuja Ijumaa kumwona Mhakiki. Mhakiki ni programu yangu: unampa hoja, anakujibu SAHIHI au SI SAHIHI. Miaka sita nimemwandika, kwa lugha ya kompyuta niliyoibuni mwenyewe, na ndiye aliyenipatia chumba chenye dirisha. Akishindwa, chumba anapewa mwalimu mwenzangu, Bi Takwimu wa mlango wa pili, nami narudi kuwafundisha wa mwaka wa kwanza kuwasha kompyuta. Nikamjibu mkuu kwamba Mhakiki yuko tayari kabisa. Hayuko.

Jumanne, 4 Machi
Mhakiki anaikataa nadharia yangu mwenyewe! Amekwama kwenye mstari wa arobaini na moja wa uthibitisho. Kwenye makala yangu niliandika kwamba mstari huo uko wazi, hauhitaji uthibitisho, maana yake nilishindwa kuuthibitisha. Mke wangu kasema nikamweleze mkuu ukweli, njia ya mwongo ni fupi. Siwezi. Naogopa hata kupita mlangoni pake. Nimeuchomeka mstari ule kwenye kanuni za msingi, zile ambazo Mhakiki huziamini bila kuuliza. SAHIHI. Nimekula vizuri.

Jumatano, 5 Machi
Bi Takwimu kaingia bila hodi, kaomba ajaribu kidogo. Kaandika kwamba moja ni sawa na mbili. SAHIHI. Akaniuliza kwa upole kama kuna uongo umeingia kwenye kanuni, kwani alinisikia nikiwafundisha wanafunzi kwamba ukikubali mambo mawili yanayopingana, unaweza kuthibitisha lolote. Nikasema mashine imepata joto. Akasema siku mbili zinatosha kurekebisha, atanisaidia. Anasaidia nini? Analitaka dirisha.

Alhamisi, 6 Machi
Sikulala vizuri. Halafu nikapata akili: wakaguzi wasipoandika, hawatagundua. Nimeifungia kibodi kabatini na kubakiza kipanya peke yake. Watabofya mifano yangu tu. Nimekagua kufuli mara tisa.

Ijumaa, 7 Machi
Mkaguzi mkuu, mama wa makamo mwenye miwani, kaitafuta kibodi mezani, hakuiona. Kafungua mkoba, katoa kibodi yake. Kaandika kwamba mwalimu huyu anastahili chumba hiki. SAHIHI. Nikapumua. Kisha kaandika kwamba hastahili. SAHIHI. Mkuu akatazama dari. Bi Takwimu hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumamosi, 8 Machi
Nimehamisha maboksi manne. Chumba kipya kinatazamana na ukuta. Bi Takwimu alinibebea mawili, akasema nikiuondoa tu uongo ule kwenye kanuni mkuu atanisikiliza. Mke wangu kaniuliza nimejifunza nini. Nimemwambia asihofu, tatizo nimelijua: kanuni zilikuwa pungufu. Nimeongeza moja, inayosema Mhakiki hakosei kamwe. Nikamuuliza Mhakiki mwenyewe kama ni kweli.

SAHIHI. Kesho kutwa asubuhi nampelekea mkuu.