Nilivyofukuza Matubwitubwi Shuleni

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimeokoa shule. Bado haijaokoka, lakini kazi kubwa, ile ya kutangaza, nimeshamaliza.

Mambo yako hivi. Matubwitubwi yameingia shule yetu hapa Mogogosiek. Akello, mtoto wa dada yangu ninayekaa naye, amekuja na habari kwamba nusu ya Gredi ya Tano wana mashavu kama mandazi yaliyozidishwa hamira. Mkutano wa wazazi ukaitwa mbio. Sista Cheptoo wa zahanati akasema aliyevimba akae nyumbani, madirisha yafunguliwe, na kila mtoto awe na kikombe chake. Kikombe, kikombe, kikombe! Mama huyo anaongea kama muuza vyombo. Halafu akapigilia msumari: akivimba hata mmoja wa kwaya kabla ya Jumamosi, kwaya haiendi mashindano ya nyimbo kule Sotik.

Kwaya! Na mlezi wa kwaya ni nani? Mimi, Seth Otiende. Na Akello ndiye anayeimba peke yake ule ubeti wa kati. Ameuimba tangu Januari, mpaka ng'ombe wa jirani anaujua.

Nikasimama. Nikawaambia enzi zangu za kiwanda cha chai niliponya matubwitubwi kambi nzima, pamoja na mbwa wa meneja. Zacheus, mwenyekiti wa wazazi, yule mwenye hoteli hapo stendi, akauliza mbwa alivimba wapi. Watu wakacheka. Nikaapa kwamba kwaya isipoenda Sotik, namwachia Zacheus ulezi wa kwaya, na kofia yangu ya ulezi juu. Akasema kofia hataki, ina jasho, lakini ulezi atachukua. Makofi yakapigwa. Nadhani yalikuwa yangu.

Jumanne, 10 Juni

Dawa ya kwetu ziwani! Mgonjwa anajitwika kuni, anazunguka mti maalumu akiimba matubwitubwi yabaki hapo, anatupa kuni, anakimbia bila kuangalia nyuma. Ukiangalia nyuma, yanakufuata. Na atakayeokota zile kuni, yanakuwa yake. Hiyo ni sayansi, sema tu haijaandikwa.

Mti wenyewe huku hakuna. Ni majani chai na mikaratusi basi. Nikachagua mkaratusi mmoja juu ya shule. Mti ni mti. Asubuhi na mapema nikapita nyumba kwa nyumba nikikusanya wagonjwa wa Gredi ya Tano, nikawatwika. Waliimba vizuri, ingawa kwa mashavu yale maneno yalitoka kama mtu mwenye ugali wa moto mdomoni.

Wakatupa. Nikapiga kelele: Kimbia! Mimi mbele, kamanda. Wao nyuma yangu. Niligeuka mara moja tu, kuhakikisha hakuna anayegeuka. Hakuna! Nidhamu ya hali ya juu. Hawakuangalia nyuma, wala kando, wala mbele. Tukateremka ule mteremko, tukapita lango la shule, tukaingia katikati ya paredi ya asubuhi, kwa kwaya hasa.

Madam Nyamusi, mwalimu mkuu, ameniambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Moja nilikuwa silijui, nitamuuliza Akello. Sista Cheptoo amewarudisha wagonjwa nyumbani, na mimi pamoja nao.

Jioni nimepita pale kwa mkaratusi. Kuni hazipo! Nani amebeba? Nikanusa upepo. Moshi wa hoteli ya Zacheus unanuka mkaratusi. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumatano, 11 Juni

Akello hakugusa chai. Anasema kwaya ikibaki ni sababu yangu, maana wagonjwa waliwahemea sauti ya kwanza yote. Nikamwambia anko wake hashindwi. Akasema, "Ndiyo, anko, wewe hushindwi. Tunaoshindwa ni sisi." Huo mdomo ameutoa kwetu.

Lakini iliniuma. Nikawaza nikiosha gambuti. Kiwandani kazi yangu ilikuwa kunyausha majani. Majani mabichi ukiyabananisha yanapata joto, yanageuka mekundu, yanaharibika. Ukiyatandaza hewa ipite, yako salama. Sasa mtoto na jani chai wana tofauti gani? Wote huletwa asubuhi wakiwa na umande.

Nikaomba lile banda la kupimia majani. Halina kuta, upepo unapita unavyotaka. Juu kuna kulabu za kutundikia magunia, na kila mkulima anajua: gunia na gunia yasigusane. Nikampa kila mwanakwaya kulabu yake, asimame chini yake. Anayehama nampigia filimbi. Wameimba wakiwa wametandazwa kama chai ya daraja la kwanza!

Madam Nyamusi akaja na Sista, nyuso zimekunjamana. Nikajiandaa kukimbia. Sista akatazama. Akatazama tena. Akasema: hewa safi, nafasi, haya ndiyo niliyokuwa nasema. Wafanyie mazoezi hapa mpaka Ijumaa!

Nimemwomba arudie mbele ya Zacheus. Akasema ana wagonjwa. Nimeenda hotelini kurudia mwenyewe, kwa sauti ya Sista.

Ijumaa, 13 Juni

ZACHEUS AMEVIMBA! Shavu la kushoto. Yeye anasema ni jino. Jino gani linafika sikioni? Nikamuuliza mbele ya wateja wake: Mwenyekiti, zile kuni zilikuwa kavu? Akaniambia, "Otiende, toka hapa na uganga wako wa samaki."

Sista amempima. Ni matubwitubwi kabisa. Lakini ati ameambukizwa na binti yake wa Gredi ya Tano, kwa sababu ugonjwa huu hujificha mwilini wiki mbili au tatu kabla ya kujionyesha. Akamwamuru akae nyumbani, asichangie chombo na mtu. Sista ni msomi, simlaumu. Hakunusa ule moshi.

Kwaya: mashavu yote bapa. Nilianza kuyapapasa mwenyewe, mpaka Sista akaniuliza mikono niliosha lini, akamalizia yeye. Safari ipo!

Jumamosi, 14 Juni

NAMBA MOJA! Nani kama Otiende?

Akello aliingia ubeti wa kati. Jaji akaweka kalamu chini. Machozi yalinitoka. Vumbi. Sotik kuna vumbi sana, hata mvua ikinyesha. Madam Nyamusi amenikabidhi kombe nilibebe mwenyewe, akasema lile banda ndilo limetufikisha. Nikasema, na kuni pia, Madam. Akapanda basi. Asiyebisha amekubali.

Tukirudi nikasimamisha basi kwa Zacheus. Nikajaza kombe mursik, yale maziwa lala ya kibuyu, kutoka kwa jirani yake. Mshindi mwenye roho safi humnywesha adui kwanza. Zacheus, sasa mashavu yote mawili, akasema Sista amemkataza. Nikamuuliza kama anaogopa ushindi wangu. Akanywa! Kila funda alikunja uso. Raha niliyoipata!

Kisha kombe likazunguka kwaya yote, mdomo kwa mdomo, sauti ya kwanza mpaka besi. Mimi nikamalizia ya chini, ndiyo mazito. Akello peke yake amekataa. Ati hakubeba kikombe chake. Mtoto amekaririshwa!

Jumatano, 2 Julai

Naandika nimeketi wima, mashavu hayataki mto.

Nimevimba. Kwaya imevimba, sauti ya kwanza mpaka besi. Zacheus amepona! Amefika mlangoni kuniuliza kama kuni naletewa kavu au mbichi.

Sista ametuuliza tulichangia nini. Wote wakasema kombe, wakanitazama. Nikamwambia yeye alikataza kuchangia vikombe, kombe hakulitaja. Ameketi kidogo kwa ngazi, akashika kichwa. Nadhani amekubali hoja.

Kwaya haiendi mashindano ya kaunti Jumamosi. Lakini sikilizeni! Akello hana kitu shavuni, kwa hiyo Madam Nyamusi amemwingiza kuimba peke yake, wimbo mzima, nafasi aliyoiota tangu akiwa mdogo. Bila anko wake angekuwa na ubeti mmoja tu. Nimemwambia si lazima anishukuru leo. Amekubali.

Halafu, akinipitishia uji kwa dirisha, akaniuliza, "Anko, si wewe ndiye uligeuka nyuma siku ile ya mkaratusi?"

Loo! Niligeuka! Kumbe ndiyo sababu! Kombe halina makosa hata kidogo.

Nimetuma ujumbe kwa kwaya yote: kesho asubuhi, kila mmoja na mzigo wake wa kuni, pale pale kwa mkaratusi. Mimi mbele. Na safari hii shingo haitanisaliti. Baada ya kutupa nitakimbia kinyumenyume, macho kwa ule mti, mpaka nyumbani. Hapo nyuma nitaiangalia vipi?