Yah: Kuondolewa Kundini kwa Kosa la Kuuza Sare

Harun wa Madera,
Jengo la nyuma ya kinyozi,
Fereej Bin Mahmoud, Doha.

Kwa Bi Mwanamkuu,
Mwenyekiti na Admini Mkuu,
Kundi la Wasapu la Akina Mama wa Afrika Mashariki, Doha.

Mama yangu Mwenyekiti, shikamoo, na pole kwa majukumu ya kutufukuza.

Kabla ya yote ujue unaandikiwa na nani. Mimi ndiye mfanyabiashara mkubwa wa mtandaoni kuliko wote waliowahi kutoka Tanga, na wa Dar wa kunipinga bado hajajitokeza. Duka langu lina matawi mawili. Moja liko chini ya kitanda changu, la pili liko chini ya kitanda cha Iddi, ambaye ni dereva na hajui kuwa amelalia tawi. Shule niliiacha kidato cha pili kwa hiari yangu, walimu walikuwa wameanza kunichelewesha. Mji huu umejaa maghorofa yanayong'aa na wenyewe huwajui hata kwa sura, lakini mimi nikipita na mfuko wangu, wanawake wa nchi tatu wananiita kwa jina.

Mtu wa namna hiyo, Jumamosi asubuhi, hata mswaki hajapiga, simu inamwambia kwamba ameondolewa kundini. Hakuna onyo, hakuna njoo mwanangu tuongee. Hata mlinzi akifukuzwa kazi huitwa ofisini kwanza akapewa kiti. Nami naongea ninachokijua, kwa sababu mchana nikiwa si tajiri huwa ni mlinzi wa geti.

Wateja wangu wote wamo humo. Ukinitoa kundini umenifungia duka, na ufunguo umekaa nao wewe. Ndiyo maana naandika kwa karatasi, na Iddi ataileta kwa mkono, kwa vile namba yangu nayo umeifungia. Naomba isomwe mbele ya kamati nzima, kwa sauti, na anayesoma asiruke.

Shtaka langu nimelisikia kwa watu: eti nimeharibu shughuli ya Mwanahamisi. Kamati ilinipa heshima ya kuleta madera ya sare kwa ajili ya harusi yake pale Abu Hamour, zambarau yenye maua ya dhahabu. Wewe kwa kinywa chako ukatangaza kwamba siku hiyo sare ndiyo kadi, asiye na sare haingii. Siku ikafika, ukumbi ukajaa wanawake wenye sare ambao hakuna aliyewaalika, na pilau likaisha kabla mama wakubwa hawajanawa mikono. Na eti Bi Mwantumu, somo wa bibi harusi, yule aliyemfunda tangu anavunja ungo, alirudishwa mlangoni kwa kukosa dera. Haya. Sasa mnisikilize na mimi, maana malalamiko yangu ni mengi kuliko yenu na nimeyapanga kwa namba kama watu waliosoma.

1. Kuhusu wateja, yaani nyinyi. Naweka picha ya dera, na bei nimeiandika kwa herufi kubwa kuliko dera lenyewe. Wa kwanza anauliza, "Bei?" Wa pili anasema nimpe bei inboksi. Nikimfuata huko inboksi ananitumia sauti ya dakika nyingi kuhusu goti lake. Yupo aliyesema nimwekee la kijani, nikamwekea, nikaendelea kumwekea mpaka upande wa dirishani likapauka, kisha akanijulisha kwamba mumewe hapendi kijani. Baadaye nikaja kugundua hana mume.

2. Kuhusu picha. Mlisema hamnunui nguo iliyotundikwa kwenye msumari, mnataka kuiona imevaliwa. Mimi hapa Doha sina dada. Nikavaa mwenyewe, Athanas wa kitanda cha juu akapiga picha, tukakata kichwa. Sijisifu, lakini dera linanikaa, linanikaa kuliko linavyowakaa wengi wenu, na ushahidi ni kwamba mwanakamati mmoja aliuliza huyo modo anakaa wapi na kama ameolewa, akitaka kumposea kaka yake. Biashara ikaenda vizuri mpaka picha moja ikaonyesha ndevu kidogo. Ndevu zile hazikuwa kwenye dera, zilikuwa juu ya dera, na mimi nauza dera. Lakini niliitwa mhuni mbele ya kundi zima, na aliyeniita ni yule yule wa kaka. Kaka yake nampa pole.

3. Kuhusu anwani. Wenye nchi wamehangaika wakabandika kibao cha buluu kwenye kila jengo, chenye namba ya eneo, namba ya mtaa na namba ya jengo. Mtoto wa chekechea anafika. Mteja wangu kibao hakioni, yeye ananielekeza hivi: shuka kwenye duka la Mhindi, ukiona paka wawili kata kulia. Katika Doha hii, duka la Mhindi na paka wawili! Nimezunguka mwezi wa saba, jua la kukaangia yai, mfuko begani, mpaka paka wakaanza kunizoea. Nikifika, mwenyewe ananijibu kwenye simu kwamba amelala.

Wakenya nawatoa hapo. Nesi Chebet, jirani yangu wa Fereej Bin Mahmoud, hutuma namba zote na picha ya kibao juu. Kwa Chebet tatizo ni natuur, yule mlinzi wa jengo lake, ambaye hunizuia mlangoni akisema wachuuzi hawapandi lifti. Mtu ana roho mbaya sijapata kuona. Ni kweli na mimi getini kwangu nawazuia wachuuzi kutwa nzima, lakini mimi nawazuia kwa upole.

4. Kuhusu kurudisha mali. Dera linachukuliwa Alhamisi, linarudi Jumapili na ujumbe, "Halikunikaa." Nikilifungua linanukia udi, na kifuani imeandikwa menyu nzima, pilau, kachumbari na soda ya chungwa. Dera halikukukaa wewe, lakini lenyewe lilikaa shughulini mpaka likashiba.

5. Sasa tuje kwenye hiyo sare mnayoililia. Mzigo wangu huja kwa kilo za watu. Anayetoka Dar akiwa na nafasi kwenye begi hunibebea kidogo, naye atakayefuata kidogo, hivyo hivyo. Na mwenye duka wa Kariakoo hauzi kwa hesabu ya waalikwa wenu, anauza kwa robota. Mzigo ulipokamilika ulikuwa mkubwa kuliko kamati. Yaliyobaki mlitaka niyafanye nini, niyavae yote mimi?

Nikatangaza. Ndiyo, niliandika, na nitaandika tena: "Dera jipya la zambarau. Ukinunua leo unapata na shughuli ya Ijumaa Abu Hamour, pilau humo humo." Hiyo inaitwa ofa, mama. Biashara yote ya mtandaoni duniani inakwenda kwa ofa, nunua simu upate kava, nunua sabuni upate kikombe. Mimi sikuwa na vikombe, nilikuwa na harusi.

Mtasema harusi haikuwa yangu. Kwani muuza sabuni kikombe anakifinyanga yeye?

Na tuangalie matokeo bila husuda. Ndugu wa Mwanahamisi wote wako Tanga, yeye hapa ana wenzake wa hotelini na kamati yako. Angechezewa ngoma na watu wachache wanaoangalia saa wawahi zamu. Badala yake alichezewa na manesi wa Kenya ambao hata jina lake hawalijui, tena kwa moyo mmoja. Chebet alileta wodi nzima. Walipiga vigelegele kama wamezaliwa Pangani. Kesho yake akanipigia na kuniambia, "Manze Harun, wewe ni mnoma. Wiki ijayo tunavaa rangi gani?" Huyo ndiye mteja. Hakuuliza bei.

Nyinyi mliokula mkashiba, mkajipiga picha na madera yangu, mkaziweka kila mahali bila kutaja duka, ndio mliokaa kikao cha kunifukuza mkiwa bado mmeyavaa. Iddi aliwaona.

6. Kuhusu Bi Mwantumu najibu kwa kifupi. Dera lake nililitenga, na jina lake nikaliandika juu ya mfuko. Halikumfikia kwa sababu ya anwani, rejea namba 3. Anafanya kazi za ndani Al Thumama, na nyumba za kule zinafanana ukuta kwa ukuta, geti kwa geti. Nilizunguka, nikauliza, nikachoka, nikarudi. Aliyemzuia mlangoni si mimi, ni amri yako. Mimi ni muuza nguo, sijawahi kusema nguo ni kadi. Wasichana wako wa mlangoni waliwapitisha watu wasiomjua bibi harusi, wakamrudisha mwanamke aliyemfunda, na hawakukosea hata kidogo, walitii ulivyowaambia. Ukitaka kumfukuza mtu kwa hilo, kundi lina admini mmoja tu.

Kwa maelezo hayo naomba yafuatayo, na sioni kama ni makubwa.

Kwanza, nirudishwe kundini leo, na urudishaji wangu ushangiliwe, angalau kwa vile vialama vya makofi.

Pili, nifanywe admini msaidizi, ili anayeuliza bei iliyokwisha andikwa nimtoe mwenyewe bila kukusumbua.

Tatu, kuanzia sasa binti yeyote wa Afrika Mashariki anayetaka kuolewa hapa Qatar apitie kwangu kabla mahari haijatajwa, nimwambie ni rangi gani iliyopo stoo. Watu wanaanza na mchumba halafu ndiyo wanatafuta sare. Huko ni kuanza na jambo linalopatikana kwa urahisi.

Nne, kwa kuwa mnasisitiza kwamba shughuli iliharibika, basi irudiwe. Mimi niko tayari kuileta sare upya, na safari hii iwe kijani, kwa sababu kijani ninacho. Bwana harusi akiwa zamu, Iddi anaweza kumkalia kiti kwa muda, ni mtu mtulivu na suti anayo.

Mkikataa yote haya msije mkanilaumu. Nitafungua kundi langu, halitakuwa na mwenyekiti wala kamati, na kila Ijumaa nitakuwa na harusi ya kutoa kwenye ofa, ya nani tutajua mbele ya safari.

Nifikishie salamu kwa kamati yote, kila mmoja kwa cheo chake. Msalimie mweka hazina, mwambie dera lake la kijani bado lipo, limepauka upande mmoja tu. Msalimie yule mwenye kaka, na kaka mwenyewe. Iddi anakusalimu. Athanas naye anakusalimu, na anauliza kama kuna mtu ana kazi ya kupiga picha. Mwanahamisi na mumewe waambie nawaombea watoto wengi, maana na nguo za watoto nimeanza kuleta.

Naomba kukomea hapo, si kwamba maneno yameisha, ni karatasi.

Mwanao mtiifu aliyedhulumiwa,
Harun wa Madera

N.B. Anayesoma aishie pale juu. Hapa ni kwako peke yako, mama.

Ile namba 6 si kweli. Bi Mwantumu alinitumia kibao cha nyumba anayofanyia kazi, kimepigwa picha vizuri kabisa, namba zote zinasomeka. Sikuzunguka Al Thumama. Hata basi sikupanda. Siku moja kabla ya shughuli alikuja mwanamke mmoja mpaka mlangoni pa chumba chetu, simjui, alikuwa ameona tangazo. Madera ya zambarau yalikuwa yameisha, limebaki lile lenye jina. Nikamwambia hakuna. Akasema, "Bosi, mimi nimeambiwa kwako hakuna kinachokosekana." Iddi na Athanas wote walikuwepo, wanasikia. Hakuna mtu aliyewahi kuniita bosi mbele yao. Nikalitoa kwenye mfuko wa Bi Mwantumu, nikampa.

Bi Mwantumu alikuwa amepewa ruhusa jioni ile tu, na kuipata aliiomba muda mrefu. Mimi nilikuwepo pale Abu Hamour, nje kwenye ngazi, najivunia wateja wangu wanavyoingia. Nikamwona mlangoni na wale wasichana, amevaa gauni lake la kawaida, limepigwa pasi. Hakugomba. Wasichana wale wote wananijua, wote nimewavisha mimi, ningesema huyu ni somo mpitisheni wangempitisha. Lakini wangeuliza dera lake liko wapi. Nikatazama simu.

Aliposhuka akaniona. Akafurahi, mama, alifurahi kweli kweli, akadhani nimekuja kwa ajili yake. Akaniuliza, "Mwanangu, dera langu limefika?"

Nikamwambia, "Liko njiani, mama."

Akakaa kwenye ngazi kulisubiri.