Jipsamu Nyumbani kwa Mjomba

Jumatano, 9 Aprili
Nyumba ya marehemu mjomba hapa Mwembesongo iko mikononi mwangu! Ukoo umeniruhusu kupangisha chumba cha mbele, kwa sharti moja: mama mdogo Chausiku, dada wa marehemu, asiondolewe chumba cha nyuma. Sawa. Fundi Maneno kapanda darini, kashuka kakunja uso. Eti mchwa wamemaliza kenchi, mbao zinazobeba paa, paa lote lishushwe. Mwoga huyo! Nimemwambia afunge dari la jipsamu, basi. Mpangaji asichokiona kitamsumbuaje?

Ijumaa, 11 Aprili
Jipsamu imekubali! Nyeupe pee, na taa kwenye kona. Jirani yangu Laurenti kachungulia, kauliza kama huko juu ni salama. Wivu tu. Mama mdogo naye eti usiku anasikia kitu kinatafuna. Nikasema panya. Akauliza ni panya gani hapumziki.

Jumapili, 13 Aprili
Mpangaji! Magreth, fundi cherehani wa Kihonda. Niliwasha redio kwa sauti asisikie mchwa. Akaomba nipunguze. Nikamwambia mimi bila muziki naumwa. Kazipenda taa! Anahamia Jumatano.

Jumatatu, 14 Aprili
Mvua imeshuka kutoka milima ya Uluguru tangu alfajiri. Doa la kahawia kwenye jipsamu, kubwa kama sinia. Nikapaka rangi. Likarudi. Nikapaka tena. Haikauki! Nikapata wazo: mama mdogo alale chumba hicho cha mbele na jiko lake la mkaa, chumba kipate joto. Alilalamikia magoti, kisha akabeba mkeka mwenyewe. Akasema mimi ndiye niliyekaa mahali pa kaka yake, ananisikiliza.

Jumanne, 15 Aprili
Paa la mbele limeanguka alfajiri. Mimi na Laurenti tulimtoa mama mdogo kwenye kifusi kwa mikono. Mguu umevunjika vibaya. Hakulia. Aliniuliza kama rangi imekauka.

Alhamisi, 17 Aprili
Natoka wodini. Daktari anasema mama mdogo hatatembea tena bila magongo. Magreth hapokei simu. Ukoo unakaa Jumamosi. Laurenti kapeleka uji wodini, kujipendekeza tu!

Nimewaza sana. Kosa ni la mvua. Halafu, jamani, bodi nne za jipsamu zimesalimika, hazina hata mkwaruzo! Maneno amekataa kuja, eti kenchi za nyuma nazo zimeliwa vilevile. Shauri yake. Kesho nafunga bodi hizo mwenyewe chumbani kwa mama mdogo, juu ya kitanda. Akiruhusiwa, alale akitazama kitu kizuri.