Masikio ya Ng'ombe Yafike Migori

Jumatatu, 4 Agosti

Siku mbaya. Mzee Oyoo amemkataa ng'ombe wangu wa kwanza kwa sababu eti hapumui.

Anapumua. Tatizo ni mtandao. Mzee Oyoo ni baba mkubwa wa Zilpa, mchumba wangu. Yuko Migori, upande wa Kenya, na goti halimruhusu kuvuka mpaka wa Sirari kuja Tarime kukagua mahari. Akasema tupigiane video. Nikasimama zizini na simu, picha ikaganda. Akauliza mbona huyo ng'ombe kama amekaushwa. Nikasema ni mpole. Akajibu hata ng'ombe mpole hutikisa masikio, na yeye hapokei picha za ng'ombe. Amenipa hadi Jumapili, baada ya kanisa. Nikishindwa, Zilpa anarudi Migori kukaa dukani kwa shangazi yake.

Nampenda Zilpa. Hilo naliandika bila utani.

Kuna jambo jingine, dogo. Tulikubaliana ng'ombe sita. Ninao watano. Lakini mmoja wao, Sabuni, ana baka jeupe ubavu wa kushoto tu. Kulia ni mwekundu mtupu. Akipita mara mbili, huku na huku, ni ng'ombe wawili. Zilpa anasema nimwambie mzee ukweli, wa sita atapokelewa baada ya mavuno. Zilpa ni mtu mzuri, ila mipango haiwezi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeanza utafiti. Watu hupima intaneti kwa ile programu yenye mshale. Siiamini. Mshale unapanda mbele ya duka la aliyekuuzia, ukifika nyumbani unalala. Nimebuni kipimo changu. Mimi namwelekezea Sabuni simu, na huko Migori Everlyne, binamu yake Zilpa, anahesabu. Sabuni akitikisa masikio mara kumi hapa, tunaangalia zimefika ngapi kule.

Laini ya kwanza: tatu. Laini ya pili: mbili, na moja ilifika Sabuni akiwa ameshaondoka. Rauta ya nyumbani, niliyopewa dukani kwa majaribio: sita asubuhi. Wanafunzi walipotoka shule, hakuna. Everlyne akanishauri, shemeji, tafuta ng'ombe mwenye masikio makubwa.

Jioni jirani yangu Heche, fundi simu, alikuja uani. Ana ile sahani nyeupe juu ya bati, ya kushika setilaiti. Akataka kunipa neno la siri la mtandao wake, bure. Nimekataa. Mwaka jana alimpakia Zilpa kwenye pikipiki hadi kanisani, eti mvua ilikuwa inanyesha. Sijasahau.

Jumatano, 6 Agosti

Rauta nimeipandisha juu ya bati, ndani ya sufuria kubwa. Sufuria inakusanya mtandao, kila mtu anajua. Masikio saba! Kisha mama akataka sufuria yake apikie ugali. Nikamweleza kwamba ndoa ya mwanawe imo humo. Akasema ugali pia unatoka humo. Masikio mawili.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Wengine wamepumzika. Mimi nimemswaga Sabuni tangu alfajiri hadi Sirari, ambako laini ya Kenya inashika bila shida. Nikamsimamisha karibu na mpaka, nikamwelekezea simu usoni. Masikio tisa! Nilikuwa bado nashangilia mgambo alipofika.

Akauliza nampeleka wapi ng'ombe huyu. Nikasema haendi popote, anatafuta mtandao. Akamwita mwenzake, akaniomba nirudie. Nikarudia. Wakaita na wa tatu. Wakasoma namba ya hereni ya njano sikioni mwa Sabuni, wakanikalisha chini hadi apatikane mtu wa kunitambua. Akapatikana Heche. Amekuja na pikipiki, akaapa kuwa ng'ombe ni wangu na akili pia ni zangu, ndivyo zilivyo. Tumerudi pamoja, yeye akiendesha polepole kwa mwendo wa Sabuni. Njia nzima anasema, mura, kijana mwenzangu, tumia tu sahani yangu. Nimemwambia nitafikiri.

Jumapili, 10 Agosti

Nimefikiri. Nimetumia sahani ya Heche.

Kumi kwa kumi! Mzee Oyoo alifurahi mpaka akasahau goti. Akaona kwato, akaona kupe, akamsifu Sabuni kwa baka lake. Watano wakapita. Nikamzungusha Sabuni nyuma ya nyumba, nikamleta kwa ubavu wa kulia.

Mzee akaagiza miwani. Akasema nimsogeze ng'ombe. Na Sabuni, ambaye wiki nzima amezoea kwamba simu ikija ni masikio, akatikisa. Hereni ikajaa kwenye kioo. Mzee akaisoma namba kwa sauti, akasema ameshaisoma, na mara ya kwanza ilikuwa na baka.

Halafu akatangaza kuwa goti limepona. Anakuja mwenyewe Jumatano.

Zilpa alikuwa amesimama pembeni yangu. Akaniambia polepole kwamba watano wakiitwa watano, atabaki. Nilitaka kulia.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimetafakari sana. Kosa nimelipata: kasi ilizidi. Kwa laini ya pili, saa hizi ningekuwa naitwa mkwe. Heche ameniponza.

Lakini Jumatano hakuna intaneti kabisa, na hiyo ni nafuu. Mzee atakaa kwenye kiti mbele ya nyumba. Sabuni atapita na baka lake. Nyuma ya nyumba nitaipaka hereni tope, kisha tutatokea upande wa pili. Nimeshampima kuzunguka nyumba. Mzunguko wa kwanza alisimama kula mchicha wa mama. Wa tatu tulikwenda vizuri sana. Hakuna kampuni Tarime nzima inayofikia kasi ile.

Zilpa alifika getini tukiwa kwenye huo wa tatu. Akatazama, akaondoka bila salamu. Baadaye nimemwona akipita nyuma ya pikipiki ya Heche na begi kubwa, wanaelekea Sirari. Bila shaka anafuata gauni la harusi.